Somo la Kufuga Kuku: Tuchague Makoo Wanaojua Kulalia Mayai



Katika vikundi vingi tunavyovitembelea, mradi wa kwanza huwa ni kuku. Sababu yake mnaijua. Kuku hahitaji shamba kubwa wala mkopo mkubwa, na mama akipatwa na jambo la haraka, karo au dawa ya mtoto, kuku ndiye benki iliyo karibu na nyumba. Lakini siku hizi tunasikia malalamiko ya namna moja kutoka pande nyingi. "Kuku wangu wanataga vizuri, lakini hawalalii." Mwingine anasema, "Alilalia siku kumi, halafu akaamka akaenda zake, mayai yote yakawa viza." Na wengine sasa wananunua vifaranga kila mwaka, jambo ambalo nyanya zetu hawakulijua kabisa.

Somo hili ni la kusoma pamoja katika mkutano wa kikundi. Tutaona kwa nini kuku wa kulalia wanapungua, jinsi ya kuwachagua, na jinsi ya kuwatunza ili wasipotee. Mwishoni kuna maswali ya kujadiliana na kazi ya kufanya nyumbani.

1. KUATAMIA NI KITU CHA KURITHI

Kuatamia, au kama wengi tunavyosema, kulalia mayai, si tabia ambayo kuku hufundishwa. Imo katika damu yake. Koo akishataga mayai yake kadhaa, mwili wake hutoa homoni iitwayo prolaktini. Homoni hiyo humfanya aache kutaga, abaki kiotani usiku na mchana, na apende kukaa juu ya mayai. Dalili zake mnazijua: ananyanyua manyoya ukimkaribia, analia ile sauti ya "kook, kook", anadonoa mkono, na ukimgusa kifuani utasikia joto. Wengine hujinyonyoa manyoya ya kifua ili ngozi iguse mayai.

Lakini si kila kuku amerithi tabia hiyo kwa kiasi kimoja. Wafugaji wa kuku wa biashara katika nchi za ng'ambo waliona kwamba kuku anapolalia, hatagi. Kwa hiyo, kwa vizazi vingi, walichagua wale wasiolalia. Ndiyo sababu kuku wa gredi kama Leghorn anaweza kutaga mwaka mzima bila hata siku moja kufikiria kulalia. Alichaguliwa awe hivyo.

Basi, kama tabia inaweza kuondolewa kwa kuchagua, inaweza pia kulindwa kwa kuchagua.

2. KWA NINI WANAPUNGUA KWETU

Sababu ya kwanza ni kuchanganya damu bila mpango. Mwaka 1976 serikali yetu, kwa msaada wa Uholanzi, ilianzisha mpango wa taifa wa kuendeleza ufugaji wa kuku. Moja ya kazi zake ilikuwa kuwapa wananchi majogoo wa gredi ili wapande kuku wa kienyeji, na kuku wa kienyeji waongezeke mwili na mayai. Baadaye shirika la utafiti la KARI, ambalo sasa ni KALRO, lilizalisha kienyeji walioboreshwa katika kituo chake cha Naivasha. Pia wameingia kuku wa Kuroiler, ambao asili yao ni India.

Hatusemi kuku hawa ni wabaya. Wanataga mayai mengi kuliko kuku wetu wa zamani, na wanapata uzito upesi. Lakini kwa kawaida hawalalii, au wanalalia kwa nadra. Mtu akiuza kuku wake wote wa zamani ili anunue hawa, amepata mayai lakini amepoteza mashine yake ya kuangulia. Sasa anahitaji mashine ya kununua. Mashine hiyo inataka joto la nyuzi 37 na nusu wakati wote, inataka mayai yageuzwe kila siku, na stima ikipotea usiku mzima, hasara ni ya kikundi. Koo hafanyi hesabu ya nyuzi wala halipi bili ya stima. Anageuza mayai mwenyewe mara nyingi kwa siku.

Sababu ya pili ni yetu sisi wenyewe, na mara nyingi hatuioni. Hebu tufikiri. Mgeni amefika jioni, au mnunuzi wa kuku amesimamisha pikipiki langoni. Ni kuku yupi atakayekamatwa? Ni yule mtulivu, mnene, anayekaa mahali pamoja. Yule mwepesi, anayeruka juu ya mti na hakai kiotani, anaponyoka. Wiki ijayo tena ni hivyo hivyo. Baada ya miaka michache, nyumbani wamebaki watoto wa wale walioponyoka. Hakuna aliyekaa akaamua kuwamaliza kuku wa kulalia, lakini wamekwisha.

Jambo kubwa la somo hili ni hili: kila kuku unayemuuza au kumchinja, umechagua. Na kila unayembakiza, umemchagua awe mama au baba wa kuku wa kesho. Afadhali tuchague tukijua.

3. JINSI YA KUMCHAGUA KOO WA MBEGU

Usichague kwa rangi. Mweusi, mwekundu au wa madoadoa, rangi haiangui yai. Pia usimkatae kuku kwa sababu ya sura. Wale wa shingo tupu, kwa mfano, wanavumilia joto vizuri, na wako wengi walio mama wema. Mchague kwa kazi yake. Angalia mambo haya:

(a) Anakaa siku zote 21. Kuku anayeamka siku ya 10 au ya 15 ni hasara kuliko yule asiyelalia kabisa, kwa sababu ameharibu na mayai.

(b) Anatoka kwa kiasi. Koo mzuri hutoka mara moja kwa siku, anakula, anakunywa, anajisaidia, anaoga vumbi kidogo, halafu baada ya kama dakika 20 amerudi. Tena anarudi kwenye kiota chake, si cha mwenzake.

(c) Havunji wala hali mayai. Kuku mlaji wa mayai hana dawa ya uhakika. Huyo ndiye wa kuchinjwa.

(d) Anaangua. Ukimwekea mayai 12 yaliyo mazuri, tegemea vifaranga 9 au 10. Wakiwa 5 au 6 mara moja, pengine kosa ni la mayai au la jogoo. Wakiwa 5 au 6 kila mara, na wenzake wanaangua vizuri, kosa ni lake.

(e) Analea. Hapa ndipo wengi tunasahau. Kuangua ni nusu ya kazi. Hesabu vifaranga wanapofika wiki 8. Koo mzuri anawaita kwenye chakula, anawafunika wakati wa mvua, na mwewe akionekana anatoa sauti ya hatari na kujitutumua.

(f) Ana ukali wa kiasi. Awe mkali kwa mwewe na paka, lakini akuruhusu wewe kukagua mayai. Yule anayeruka kwa hofu akikuona atakanyaga mayai.

(g) Anataga vya kutosha kabla ya kulalia. Yule anayetaga mayai 6 tu halafu analalia, naye hatufai. Tafuta anayetaga 12 hadi 15 ndipo anakaa.

Usimhukumu mtemba kwa mara ya kwanza. Mtemba anayeanza anaweza kukosea kwa sababu ya ugeni wa kazi. Mpe nafasi ya pili. Akishindwa mara ya pili, asiwe kuku wa mbegu.

4. DAFTARI NI MUHIMU KULIKO KUMBUKUMBU

Wengi tunasema "namjua kuku wangu". Lakini ukiwa na makoo sita, baada ya mwaka utachanganya. Mfunge kila koo uzi au kitambaa cha rangi mguuni. Usikaze, na ukague kila mwezi kisije kikamkata. Chukua daftari ya mtoto iliyobaki kurasa, umpe kila koo ukurasa wake. Andika mambo manne tu: tarehe aliyoanza kulalia, mayai aliyowekewa, vifaranga walioanguliwa, na vifaranga walio hai wakiwa na wiki 8.

Tuone mfano. Koo wa uzi mwekundu amewekewa mayai 12, ameangua 10, na wiki ya 8 wako hai 7. Koo wa uzi wa bluu amewekewa mayai 12, ameangua 6, na wiki ya 8 wako hai 2. Kila mmoja akilalia mara tatu kwa mwaka, mwekundu amekupa kuku 21 na bluu amekupa 6. Wamekula chakula kile kile na wamelala banda lile lile. Tofauti ni kuku 15. Kila mama na azidishe hiyo 15 kwa bei ya soko lake, aone ni pesa ngapi. Na pengine bluu ndiye mrembo, na mwekundu ndiye aliyekuwa amepangiwa kuliwa Krismasi.

5. TUSIMSAHAU JOGOO

Jogoo halalii, lakini anabeba damu ya mama yake. Ukiwa na koo mzuri na ukampa jogoo aliyetoka kwa kuku wasiolalia, baadhi ya binti zao hawatalalia. Kwa hiyo jogoo wa mbegu achaguliwe kwa mama. Uliza: mama yake ni nani? Alilalia? Alilea wangapi? Kisha angalia afya yake: macho maangavu, miguu iliyonyooka, mwili mzito, awe anaita makoo kwenye chakula na hawaumizi.

Jogoo mmoja anatosha makoo 10. Zaidi ya hapo, mayai mengi yatakuwa hayana mbegu.

Jambo lingine ni undugu. Jogoo akikaa nyumbani miaka mingi, atapanda binti zake na wajukuu wake. Matokeo ni mayai yasiyoangua, vifaranga dhaifu, wengine vidole vimepinda. Hapa ndipo faida ya kikundi inaonekana. Kila baada ya mwaka mmoja, badilishaneni majogoo: wa kwa mama wa kwanza aende kwa wa pili, wa pili kwa wa tatu, mpaka mzunguko uishe. Hakuna pesa inayotoka. Lakini jogoo mgeni akae peke yake wiki mbili kabla ya kuchanganywa, ili kama ana ugonjwa ujulikane. Mapora mengine yote ambayo hayakuchaguliwa yauzwe au yaliwe kabla hayajaanza kupanda.

6. KUMWEKEA MAYAI

Hata koo bora atashindwa akipewa mayai mabaya. Chagua mayai ya ukubwa wa kati, safi, yasiyo na ufa. Usiyaoshe. Yasizidi siku 7 tangu yatagwe, na wakati wa kuyangoja yakae mahali pa baridi, penye kivuli, ncha nyembamba ikiangalia chini. Andika tarehe kwa penseli au makaa.

Kiota kiwe mahali penye giza kidogo na utulivu, mbali na mbwa, panya na nyoka. Weka udongo mkavu au mchanga chini, uufanye kama bakuli, halafu nyasi kavu laini. Kabla ya kumkalisha, mkague kuku chini ya mabawa. Kama ana utitiri au chawa, mtibu kwanza na unyunyize jivu la kuni katika kiota. Utitiri unafukuza makoo wengi kiotani kuliko tabia mbaya.

Mayai yote yawekwe siku moja, wakati wa jioni. Koo mwenye mwili mdogo mpe 10, wa kati 12 au 13. Ukimpa 18 kwa tamaa, ya pembeni yatapoa, naye akiyazungusha yatapoa yote kwa zamu. Chakula na maji yawe karibu.

Siku ya 7, usiku, shika yai mbele ya tochi. Ukiona mishipa kama miguu ya buibui, kifaranga yumo. Ukiona yai jeupe tupu, liondoe. Rudia siku ya 14. Yai lililooza likipasuka kiotani linachafua mengine. Siku ya 21 usimsumbue. Waache vifaranga wakauke chini ya mama.

7. KUTUMIA MAKOO KWA AKILI

Kuna njia mbili ambazo vikundi vimefaidika nazo.

Njia ya kwanza ni kuwalalisha pamoja. Koo wa kwanza akianza kulalia, mwekee mayai mawili yasiyo ya kuanguliwa ili aendelee kukaa huku ukingoja wengine. Wakifika watatu, wape wote mayai mazuri usiku mmoja. Wataangua siku moja. Hapo unaweza kumpa mmoja, yule mlezi bora, vifaranga 20 au zaidi, ukiwatia chini yake usiku. Wale wawili waliobaki bila watoto watarudi kutaga mapema, badala ya kukaa miezi miwili au mitatu wakilea.

Njia ya pili ni kuwa na makundi mawili nyumbani. Kienyeji walioboreshwa wawe wa kutaga, na makoo wa zamani wawe wa kulalia. Mayai ya wale yanaangua chini ya hawa. Kwa njia hiyo huhitaji kuchagua kati ya mayai mengi na kuku wa kulalia. Lakini mayai ya kuendeleza ukoo wa makoo wa mbegu yatoke kwa makoo wa mbegu wenyewe, na kwa jogoo wao. Yasichanganywe. Tungependekeza kila mwanakikundi abaki na makoo wa mbegu wasiopungua wawili.

Na kuku anayetaka kulalia wakati humhitaji? Wengine humtumbukiza majini au kumfunga mguu. Hilo ni mateso tu. Mweke kwenye tenga au kizimba kilichoinuliwa, ambacho hewa inapita chini, bila nyasi, ukimpa chakula na maji. Kwa kawaida siku 3 au 4 joto la kifua linapoa, naye anaacha.

8. VIFARANGA NA CHANJO

Vifaranga wengi hufa kabla ya wiki 8. Wiki tatu au nne za kwanza, wazuie pamoja na mama mahali pakavu ambapo mwewe hafiki. Wape chenga za mahindi, mchwa, majani ya sukuma wiki yaliyokatwakatwa, na maji safi katika chombo chembamba wasije wakazama.

Ugonjwa wa kideri, ambao maafisa wa mifugo huuita Newcastle, unaweza kumaliza kijiji kizima kwa wiki moja, na kazi yote ya kuchagua ikaishia hapo. Hauna dawa ya kutibu, una chanjo. Chanjo ya matone ya jichoni inatolewa tena kila baada ya miezi mitatu. Chupa moja inatosha kuku wengi sana na ikifunguliwa haikai, kwa hiyo ni kazi ya kufanywa na kikundi kwa siku moja, nyumba hadi nyumba. Mwulizeni afisa wa mifugo wa wodi yenu awapangie tarehe, na pia awaeleze juu ya chanjo ya ndui na ya Gumboro.

9. MAPATANO NYUMBANI

Haya yote yanaweza kuvunjika dakika moja kama hakuna mapatano nyumbani. Mama ameandika daftari mwaka mzima, baba amepata wageni, na koo wa uzi mwekundu yumo chunguni. Au mama mwenyewe amemwuza kwa sababu mnunuzi aliongeza shilingi hamsini. Waswahili wamesema, kuku mwenye watoto halengwi jiwe.

Tunashauri mume, mke na watoto wakae pamoja waelewane: kuku mwenye uzi mguuni ni kuku wa mbegu, hauzwi na hachinjwi mpaka kikundi kimejulishwa. Wa wageni ni mapora, na makoo walioshindwa kazi. Nyumba ikiwa na shida ya kweli na lazima koo wa mbegu auzwe, auzwe kwa mwanakikundi mwenzake, ili damu isitoke kijijini. Shida ikiisha, atapewa binti wa koo huyo. Nalo liandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Nyumbani kwako, ni kuku gani aliyechinjwa au kuuzwa mwisho? Alikuwa analalia? Kwa nini alichaguliwa yeye?

2. Katika kikundi chetu, ni nani bado ana makoo wa zamani wanaolalia vizuri? Tunaweza kupata mbegu kwake kwa njia gani ya haki, bila yeye kupunjwa?

3. Majogoo yetu yametoka wapi, na yamekaa miaka mingapi?

4. Ni nani katika nyumba mwenye uamuzi juu ya kuku, na pesa ya kuku inakwenda wapi?

KAZI KABLA YA MKUTANO UJAO

Kila mwanakikundi afunge uzi makoo wake, aanze daftari, na alete hesabu ya mambo manne kwa kila koo aliyelalia. Katibu ataandika orodha ya majogoo na mama zao. Mkutano ukifika, someni hesabu hizo kwa sauti, na mchague pamoja makoo wa mbegu wa kwanza wa kikundi. Msiogope kama ni wachache. Makoo watatu wazuri wakitunzwa vema, kwa mwaka mmoja wanaweza kutoa binti wa kutosha kumpa kila mwanakikundi wa kuanzia.